Shufaa na Kona Iliyokataa Kutulia

Shufaa alifeli mtihani wake wa kwanza wa FEM, na kwa kuwa ndiye mwanamke pekee darasani, habari haikuhitaji kubandikwa ukutani.

FEM ndilo jina walilozoea kulitumia wanafunzi wa uzamili wa uhandisi pale chuoni Mbeya. Kirefu chake kilikuwa cha Kiingereza na hakuna aliyehangaika kukitamka. Lilikuwa somo la kuiga kwa kompyuta jinsi kitu kinavyobeba mzigo: daraja, shafti, bawa la ndege, mfupa wa mtu. Ukilijua vizuri, unaweza kuona kitu kitakatikia wapi kabla hakijatengenezwa. Wenzake wengi walikuwa vijana waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza, hesabu zikiwa bado za moto kichwani. Shufaa alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa amezipa hesabu kisogo muda mrefu, akifundisha uchomeleaji na uchoraji wa kiufundi kwenye chuo kimoja cha ufundi Iringa.

Dakta Obeid, mwalimu wa somo hilo na msimamizi wake, alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi kuliko viti.

"Dada Shufaa, kuna shahada ya usimamizi wa miradi," alisema. "Unaweza kuhamia sasa hivi bila kupoteza mwaka. Hakuna aibu."

"Aibu sina, Daktari. Nimefeli mtihani, sijashindwa kusoma."

"Hili somo si la kila mtu."

"Basi vizuri," Shufaa alisema, akanyanyuka. "Na mimi si kila mtu."

Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, na sasa ilibidi ayatafutie miguu ya kusimamia.

Alianza upya kabisa, chini kuliko alipoanzia darasa zima. Alikwenda Mwanjelwa kwa wauza vyuma chakavu akanunua springi za pikipiki na za viti vya magari, akazining'iniza kwenye boriti ya kibaraza cha chumba alichopanga Iyunga. Springi moja, kisha mbili zilizoungana, kisha tatu. Alitundika madumu ya maji, akapima kwa rula kila moja imeshuka kiasi gani. Halafu alikaa na kalamu akapiga hesabu ya kila springi, akaziunganisha hesabu hizo kwenye jedwali moja, yale matriki yaliyomwangusha, akatafuta jibu. Mwanzoni rula na kalamu havikupatana hata kidogo. Mwenye nyumba alimwuliza kama anafungua gereji. Siku rula na kalamu vilipotoa jibu moja, Shufaa alikaa chini kwenye kibaraza, akayaangalia madumu yake, akacheka peke yake. Mtihani wa marudio aliufaulu bila kuomba Mungu sana.

Likizo ilipofika alirudi nyumbani Kihesa, mjini Iringa, kwa baba yake.

Mzee Muhidini alikuwa muuza vitenge na kanga sokoni, kazi aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye alikuja kutoka Kilwa akiwa na mzigo wa vitambaa, akaiona Iringa, akasema baridi hii haina nguo, hapa nitauza. Kisukari kilikuwa kimemwondolea Mzee Muhidini mguu wa kulia, chini ya goti. Hospitali ilimpa mguu bandia, na akarudi dukani kabla hata daktari hajamruhusu. Mtu akimpa pole alikuwa akijibu, "Mguu ndio umekatwa. Mimi sijakatwa."

Jioni ya kwanza alimwuliza bintiye ni kitu gani hasa anachosoma huko Mbeya.

"Unachukua kitu kizima, baba, unakigawa vipande vidogo vidogo," Shufaa alisema. "Kitu kizima hukiwezi, lakini kipande kimoja unakiweza. Unakiuliza, wewe ukisukumwa hapa utasogea kiasi gani? Kila kipande kina jibu lake. Lakini vipande jirani vimeshikana, kwa hiyo lazima vikubaliane pale vinapogusana. Kompyuta kazi yake ni kutafuta hayo makubaliano, vyote kwa pamoja."

Mzee alifikiri kidogo. "Kumbe ni mirathi," alisema. "Kila mmoja anavuta kwake, na mwisho lazima mafungu yajumlike."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Ila hawa hawagombani."

Ijumaa ya likizo ile, msikitini, mguu bandia wa Mzee Muhidini ulivunjika. Alikuwa anainuka kutoka sijda. Wakati huo vidole vimekunjwa chini, kisigino kiko juu, na uzito wote wa mwili unapita kwenye ncha ya mguu. Watu wa safu ya nyuma walisikia kitu kikilia "ta!", kisha mzee akaanguka ubavu. Hakuumia sana. Kilichomuuma ni wema wa watu. Imamu alimletea kiti cha plastiki na kumwambia kwa upole kwamba dini imetoa ruhusa, mgonjwa husali amekaa.

"Ruhusa ni ya asiyeweza," Mzee Muhidini alisema akiwa bado sakafuni. "Mimi naweza. Mguu ndio hauwezi."

Shufaa alimpeleka hospitalini kwa fundi wa viungo bandia, dada mmoja mchangamfu aitwaye Mercy. Mercy aliushika mguu uliovunjika, akaugeuza, wala hakushangaa.

"Huu umetengenezwa kwa kutembea," alieleza. "Kiwandani wanaujaribu namna mbili. Kisigino kinapotua, na vidole vinaposukuma. Hapo hauna shida. Lakini watu wetu hawatembei tu. Wanapiga magoti, wanachuchumaa, wanapalilia. Wananirudishia umevunjika palepale, mzee wangu. Nawaambia wakae kwenye viti."

"Na wanakaa?" Shufaa aliuliza.

"Wengine wanakaa. Wengine wanaacha mguu uvunguni, wanarudia magongo."

Shufaa aliomba apewe vipande vya mguu ule. Mercy alimfungia kwenye mfuko wa rambo.

Aliporudi Mbeya alimkuta Dakta Obeid ameshamwandalia mada ya tasnifu: kishikizo cha chuma chenye tundu katikati, kitu ambacho jibu lake limo kwenye vitabu tangu zamani. Shufaa aliweka mfuko wa rambo mezani, akatoa mguu.

Dakta Obeid aliutazama kwa muda. "Humu kuna plastiki ngumu, kuna mpira, kuna mwili wa mtu juu yake," alisema. "Kuna kitu kinachojikunja sana, na hesabu za kujikunja sana si zile nilizowafundisha. Kila kimoja ni tasnifu nzima. Chukua kishikizo, dada yangu. Kishikizo hakijamwua mtu."

"Wala hakijamsaidia mtu, Daktari. Jibu lake si liko kitabuni?"

"Utazama."

"Nikizama mtaniona napunga mkono."

Dakta Obeid alisaini, kwa namna ya mtu anayeweka sahihi kwenye hukumu ya mwingine.

Kilichofuata kilikuwa kazi. Shufaa alijifunza kwa Mercy jinsi mguu unavyobeba mwili, alijifunza kwa mwalimu mmoja wa kemia jinsi plastiki inavyochoka, na mawazo yake usiku na mchana yakawa mguu. Ili kupata mzigo halisi, yeye na Mercy walimwomba Mzee Muhidini, akiwa na mguu mwingine wa hospitali, asali rakaa mbili juu ya sahani ya kupimia uzito huku simu ikimrekodi kutoka ubavuni.

"Ibada yangu mnaifanya sinema," alilalamika.

"Si ibada, baba, ni mazoezi tu. Hujatia hata nia."

"Nia nimetia. Nikishainama siwezi kuinama bure."

Basi walimrekodi akisali kweli, na Mercy, ambaye ni Mlutheri, alinyamaza kwa heshima mpaka mzee alipotoa salamu.

Kompyuta ilitoa picha yenye rangi. Bluu mahali pasipo na mkazo, kijani, njano, na nyekundu pale mguu unapoteseka. Nyekundu ilikaa kwenye kona ya ndani, chini ya kifundo, pale kiini cha plastiki, uti wa ndani wa mguu, kinapoanza kuelekea vidoleni. Palepale mguu wa baba ulipopasuka. Shufaa alifurahi kwa muda mfupi tu. Kanuni ya kazi ile ni kwamba ukishapata jibu unagawa vipande kuwa vidogo zaidi na kurudia. Jibu likibaki vilevile, unaliamini. Aligawa. Mkazo kwenye kona ukapanda. Akagawa tena, ukapanda zaidi. Kila alipoukaza huo wavu wa vipande kwa kuvigawa tena, ile kona ilikuja na namba kubwa kuliko ya mwanzo, na haikuonyesha dalili ya kutulia.

Joachim, mwanafunzi mwenzake kutoka Rujewa aliyekuwa akichambua shafti ya mashine ya kukoboa mpunga, alimwonea huruma.

"Dada, rudi kwenye wavu wa pili," alimwambia. "Namba ile ilikuwa nzuri, inafanana na walizoandika watu. Weka picha, songa mbele. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe huhesabiki, wewe ndiye mwandishi."

"Joachim, mguu huo atauvaa baba yangu."

Dakta Obeid naye, muda wa kuwasilisha ulipokaribia, alimwambia yaleyale kwa maneno ya ofisini. Kila mtu huchagua wavu unaotoa jibu linaloeleweka. Aandike, ahitimu na wenzake, utafiti ataumalizia mbele.

"Daktari, ni wewe uliyetufundisha," Shufaa alisema. "Jibu linalobadilika kila ukigawa si jibu. Ulilipigia mstari ubaoni."

Dakta Obeid alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nililipigia mstari," alikubali. "Basi hutahitimu mwaka huu."

"Basi sitahitimu mwaka huu."

Na hakuhitimu. Wenzake walivaa majoho, wakapiga picha kwenye nyasi, Joachim na shafti yake akiwa miongoni mwao. Shufaa aliwapigia makofi mpaka viganja vikamuuma, kisha akaenda maabara kwa sababu siku hiyo hapakuwa na foleni ya kompyuta. Kwao Kihesa watu walikuwa wameshaanza kuuliza. Baba yake alimpigia simu.

"Wanasema umerudishwa darasa."

"Sijarudishwa, baba. Nimebaki."

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikawaambia na ukaidi huo hakuupata kwa jirani."

Jambo alilolitafuta miezi mingi alilipata akiwa ameacha kompyuta. Aliuchukua mguu wa mfuko wa rambo, akakata kiini chake katikati kwa msumeno wa chuma ili tu akione kwa ndani, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Ile kona haikuwa kona. Ilikuwa na mviringo mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mtama, ulioachwa na kalibu ya kufinyangia plastiki kiwandani. Kwenye mchoro wake Shufaa alikuwa ameichora kali, kali kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa duniani. Na kona kali namna hiyo, kihesabu, haina jibu. Mkazo wake hauna mwisho, ukiukaza wavu miaka mia utaendelea kupanda. Kompyuta haikuwa imekosea hata mara moja. Alikuwa ameiuliza habari za mguu usiokuwepo.

Alichora ule mviringo kama ulivyo. Akagawa. Namba ikapanda. Akagawa tena, ikapanda kidogo. Akagawa tena, ikasimama. Aliirudia kazi nzima asubuhi iliyofuata kwa sababu hakujiamini, nayo ikasimama palepale. Kwa mizigo miwili ya kiwandani, mguu ulikuwa salama kabisa. Kwa mzigo wa mtu anayeinuka kutoka chini, ulikuwa umeshapita uwezo wake. Kiwanda hakikudanganya. Hakuna aliyekuwa amekiuliza swali hilo.

Alienda nje akanunua chipsi kavu, akazila amesimama, huku machozi yakimtoka na muuza chipsi akidhani pilipili imezidi.

Kuutengeneza mguu mpya nako kulikuwa na visa vyake. Alipoupanua mviringo na kuilainisha sehemu ya vidole, mguu ulikunjika vizuri sakafuni, ila kompyuta ikaonyesha utalegea mtu akipanda mlima, na Kihesa ni kupanda na kushuka. Alipouongezea unene, ukawa mzito na haukuingia kwenye kiatu. Mercy aliukataa mmoja kwa kuutazama tu. Mwalimu wa kemia alibadilisha plastiki. Mwisho walipata umbo ambalo kila mmoja alilalamikia kidogo, hakuna aliyelilalamikia sana, na likafinyangwa kwenye karakana ya chuo.

Mguu wa kwanza kabisa ulivunjika kwenye mashine ya majaribio aliyoiunda mwenyewe, tena mahali ambapo kompyuta ilikuwa imepaka bluu. Gundi kati ya mpira na plastiki iliachia. Kwenye hesabu zake alikuwa amechukulia kwamba vitu hivyo viwili havitaachana kamwe. Fundi wa karakana alimshauri asiitaje kwenye tasnifu. Shufaa aliiandika, na picha akaiweka ukurasa mzima. Miguu iliyofuata, yenye mifereji ya kuushika mpira, ilistahimili.

Siku ya kuitetea tasnifu ukumbi ulikuwa wa baridi, Mbeya ya Juni. Mtahini wa nje, profesa mwenye sauti nzito, alifungua ukurasa aliouwekea alama.

"Huu mzigo wa tatu haumo kwenye kiwango cha kimataifa. Umeutoa wapi?"

"Sakafuni, Profesa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mwanafunzi habuni mzigo wake mwenyewe," profesa aliendelea. "Nashauri sura hii iondolewe. Iliyobaki ni kazi nzuri, tunakupitisha leo hii."

Mwaka mzima aliouongeza Shufaa ulikuwa kwenye sura hiyo.

"Siiondoi," alisema. "Nisamehe, Profesa, lakini siiondoi. Nchi hii watu wanapiga magoti. Wanapiga magoti msikitini, wanapiga magoti kanisani. Mama anayepuliza moto yuko chini. Anayepalilia mahindi yuko chini. Mtu huyu anapotaka kuinuka, mguu wake unavunjika, na sisi tunamwambia anunue kiti. Mzigo nimeupima, mkazo nimeuhesabu, mguu uliovunjika uko pale mezani na ufa uko pale hesabu zilipousema. Kama kiwango hakimjui mtu huyu, upungufu si wa kwake. Nipitisheni nayo, au nirudisheni nayo."

Profesa alimgeukia Dakta Obeid. "Msimamizi, una la kusema?"

Dakta Obeid alisimama polepole. "Nilimshauri aache," alisema. "Zaidi ya mara moja. Angenisikiliza, leo tungekuwa tunaangalia picha nzuri tu." Akakaa.

Walimtoa nje. Walipomrudisha, walikuwa wamempitisha kwa masahihisho. Sura ilibaki, lakini kichwa chake kiseme ni mzigo "unaopendekezwa", na aongeze watu wengine kwenye vipimo, kwani baba mmoja hatoshi kuwa nchi nzima. Hilo Shufaa hakulipinga. Lilikuwa kweli.

Mzee Muhidini alipovaa mguu mpya alisali safu ya mbele. Wanaosimulia wanasema msikiti mzima ulikuwa ukimwangalia kwa pembe ya jicho, jambo ambalo halifai katika sala, na kwamba imamu alirefusha sijda kuliko kawaida. Mzee aliinuka. Alipotoka nje bintiye alimsubiri mlangoni.

"Vipi, baba?"

"Unalia kama kitanda cha kamba," alisema. "Lakini umeinuka. Nilipoinuka, umeinuka."

Shufaa anafundisha Mbeya sasa, FEM yenyewe, na wanafunzi wake wote huanza na springi na madumu, hata wale wanaonung'unika kwamba hawakuja chuoni kuteka maji. Mercy anaendelea kumletea watu wa kupimwa. Mwezi uliopita alimleta mama mmoja mkulima kutoka vijiji vya nje ya Iringa, Severina, aliyekuwa ametembea na ule mguu mpya msimu mzima.

"Kamwene," mama alisalimia.

"Kamwene, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Nyumbani mzuri. Kanisani mzuri. Kwenye vinyungu ni bure." Vinyungu ni bustani za bondeni, ambako Wahehe hulima kiangazi, udongo ukiwa na maji. "Unazama, mwanangu. Nikiuvuta, unabaki humo na mimi natoka. Nimeshauchimbua kwa jembe."

"Hatukuupima kwenye matope," Shufaa alisema.

"Sasa mlidhani nalima kwenye sakafu?"

Mercy aliangalia pembeni. Shufaa alicheka mpaka akakaa, kisha akauliza matope hayo yana kina gani, mazito au mepesi, yanashika au yanateleza. Severina alimtazama kama mtu anayeulizwa maji yana rangi gani.

"Njoo ukanyage mwenyewe," alisema.

Jumamosi ile Shufaa alipanda basi la Iringa akiwa na mizani, kamba na sahani yake ya kupimia. Severina alimpokea barabarani, wakashuka bondeni kwa njia ya ng'ombe. Kwenye ukingo wa bustani ya kwanza Shufaa alivua viatu, akakunja suruali chini ya baibui, akaingia.